Mizani ya Pili

Mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka 24, niliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa wilayani Tarime. Kwetu hasa ni Turwa, kando ya mji. Kazi yangu ilikuwa nyepesi kuieleza: mkulima analeta gunia la kahawa iliyokaushwa, ninalitundika kwenye mizani ya springi iliyofungwa kwenye boriti, nasoma mshale, naandika katika leja, namkatia stakabadhi. Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni na niliheshimiwa kuliko umri wangu.

Siku moja akaja mzee wa rika la baba yangu. Msomaji asiyezijua mila za Wakurya aelewe kwamba mtu wa rika la baba yako si jirani tu; ni baba. Huketi kabla hajaketi, wala humjibu kwa sauti ya juu. Mzee huyo alileta magunia mawili. Nikayapima moja moja, nikajumlisha, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: kilo 83. Mzee akasema taratibu, "Mwanangu, nyumbani zilikuwa 92. Tumezipima jana kwa mizani ya mawe ya dukani kwa mwanangu, mafungu ya kilo kumi kumi, mpaka zikaisha."

Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Ningeweza kufanya mambo mengi. Nilichofanya ni kumjibu mbele ya watu: "Mzee, mizani ya chama haisemi uongo. Ya dukani ndiyo ya kuulizwa." Watu wakacheka. Mzee akachukua stakabadhi yake ya kilo 83, akaikunja, akaondoka.

Maneno yale ya kuchekesha hayakuishia pale. Kabla ya juma kwisha, wanawake sokoni walikuwa wakisema kwamba kumbe duka la yule kijana linapunja. Kwamba mizani yake inazidisha, ndiyo maana kilo yake ya sukari huisha upesi. Mwaka uliofuata duka likafungwa. Yule kijana akahamia Mugumu, Serengeti, na mkewe na watoto wadogo.

Nayo mizani ya chama? Miezi michache baada ya siku ile walikuja wakaguzi wa vipimo. Wakatundika jiwe lao la kilo 20, mshale ukasimama kwenye 18. Kutu ilikuwa imekamata meno ya ndani. Mizani ikabadilishwa kimya kimya, leja ikafungwa, ikafunguliwa nyingine. Hakuna aliyewaambia wakulima. Mimi nilikuwapo, nililiona jiwe, niliuona mshale, na sikumwambia mtu. Mzee alifariki mwaka 1991. Nilikwenda msibani, nikabeba maji, nikachimba kaburi pamoja na wengine, na bado sikusema.

Nayaandika haya kwa sababu ya ndege. Najua msomaji atashangaa, maana mimi sikuwahi kuwa rubani wala fundi, na kwa miaka mingi ndege nilizozijua ni zile zinazopita juu sana zikielekea Nairobi. Lakini Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019, nikiwa nyumbani na redio, nilisikia kwamba ndege ya shirika la Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi imeanguka karibu na Bishoftu, dakika sita tu baada ya kuruka, na watu wote 157 wamekufa. Walikuwa watu wa nchi zaidi ya 30, na 32 kati yao ni Wakenya. Kwa sisi wa Tarime Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Ukivuka Sirari umeshaingia Kenya, na kuna ndugu zetu pande zote mbili za mpaka. Msiba ule tuliuona kuwa wa kwetu.

Mwanangu wa mwisho alikuwa akisomea ufundi wa ndege Dar es Salaam. Alipokuja likizo nilimwomba anieleze, nami nikamsikiliza kama mwanafunzi. Alichukua ungo, akauelekeza kwenye upepo, akasema: "Tata, ndege nayo lazima ijue upepo unaipiga kwa pembe gani. Ikiinua pua kupita kiasi, mabawa hayashiki hewa tena, inaanguka." Kwa hiyo ubavuni mwa pua, kulia na kushoto, huwekwa kibawa kidogo kinachojigeuza kwa upepo na kuipa kompyuta ile pembe. Ndege ya aina ile, Boeing 737 MAX, ilikuwa na injini kubwa kuliko ndugu zake wa zamani, zimesogezwa mbele na juu kidogo, na kwa hiyo katika hali fulani pua ilielekea kuinuka. Wenye kuiunda wakatia mfumo ulioitwa MCAS, ambao ukiona pembe imezidi huugeuza mkia wenyewe ili pua ishuke. Rubani haulizwi.

"Sasa vibawa ni viwili," akasema, "lakini mfumo ulisikiliza kimoja."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Viwili vipo, vimefungwa, vinafanya kazi, vyote viwili vinaleta habari ndani ya ndege; lakini katika kila safari MCAS ilitegemea kimoja peke yake. Siku ile cha kushoto kilisema nyuzi 74 na nusu, cha kulia kilisema nyuzi 15 hivi. Ndege inayopanda salama haiwezi kuwa na pembe ya nyuzi 74. Mtu yeyote aliyeviona vyote viwili kwa pamoja angejua kwamba kuna jambo. Lakini mfumo haukuviona vyote viwili. Ulikiamini cha kushoto, ukaishusha pua. Marubani wakaiinua, ukaishusha tena. Walijaribu hata kuukata umeme wa mkia kama walivyoelekezwa, lakini mwendo ulikuwa mkali mno na gurudumu la kuugeuza kwa mikono halikugeuka kama walivyotaka. Wakaurudisha umeme. Mfumo ukashusha pua mara ya mwisho.

Usiku ule sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho nilimwona mzee na magunia yake. Namba mbili zilikuwapo. 92 na 83. Zote mbili zilifika mezani kwangu kwa wakati mmoja, nami nikaisikiliza moja kwa kuwa ilikuwa ya chama, kisha nikaendelea kusukuma.

Watu wengi, wakiulizwa kuhusu makosa ya mashine, husema tatizo ni kwamba mashine haina akili. Mimi nadhani MCAS ilikosa kitu kidogo zaidi ya akili: ilikosa jirani wa kuulizana naye. Na aliyeiumba alikosa nini? Hakuwa mjinga. Ndege zimejaa vitu viwili viwili na vitatu vitatu kwa sababu hiyo hiyo. Mbele ya rubani mkuu kuna chombo kinachoonyesha kama ndege imelala upande, mbele ya msaidizi wake kuna cha pili, na katikati kuna cha tatu cha akiba. Marubani hufundishwa kuzungusha macho, wasikazie chombo kimoja. Wakiona kasi inasema hivi, watazame na kimo, watazame na injini, waone kama habari zinaafikiana. Hekima hiyo ilikuwapo tangu zamani. Katika mfumo huu mmoja iliachwa, na sababu zilizotolewa baadaye zilikuwa za mahesabu: kwamba kosa la namna hiyo litatokea kwa nadra, na kwamba likitokea rubani ataling'amua katika sekunde chache. Kwa maneno mengine, mtu aliyewekwa kuwa shahidi wa pili alikuwa rubani, lakini mwanzoni hakuambiwa hata kwamba mfumo huo upo. Haukutajwa katika vitabu vyake.

Hapo ndipo ninapoona swali la maadili, na si la ufundi peke yake. Huwezi kumfanya mtu shahidi wa jambo ulilomficha.

Kulikuwa na ajali ya kwanza kabla ya hii, ndege ya aina ile ile ya shirika la Lion Air la Indonesia, tarehe 29 Oktoba 2018, watu 189. Kibawa chake cha kushoto kilipishana na cha kulia kwa nyuzi 21 hivi. Lililonishika zaidi katika habari ile ni safari iliyotangulia. Jana yake usiku ndege hiyo hiyo, kwa kosa lile lile, ilisumbua vile vile, na watu wale walifika salama. Mbele, pamoja na marubani wawili, alikuwamo rubani wa tatu aliyekuwa akisafiri tu. Macho sita badala ya manne. Wakaukata umeme wa mkia, wakaendesha kwa mikono mpaka Jakarta. Walipotua waliandika katika kitabu cha ndege baadhi ya yaliyowapata, lakini hawakuandika kwamba usukani ulitetemeka safari nzima wala kwamba walilazimika kuukata umeme. Asubuhi wenzao wakaichukua ndege bila kujua.

Sisemi kwamba wale walikuwa wabaya. Walikuwa wamechoka, wamefika salama, usiku umekwenda. Mimi nilikuwa na miaka mitano ya kumwambia mzee, na sikuwa nimechoka.

Sasa nataka kulijibu jambo ambalo mke wangu alinibishia tulipozungumza, maana ana haki. Alisema: "Nyumba ambayo kila kitu kinapimwa mara mbili haina upendo. Ukinituma sokoni kisha ukahesabu chenji, umeniita mwizi." Ni kweli. Huku kwetu, na nadhani mahali pengi, kuhakiki kazi ya mtu ni kama kumtukana. Fundi akipima ukuta wako, nawe ukachukua kamba ukapima tena, ataweka mwiko chini. Na mdogo kumhakiki mkubwa ni vigumu maradufu.

Lakini tazama inakotufikisha heshima hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka Douala, Cameroon, kwenda Nairobi, kukiwa na mvua na giza. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Ripoti ya wachunguzi wa Cameroon, iliyotolewa mwaka 2010, inaeleza kwamba rubani mkuu alidhani ameukabidhi usukani kwa mtambo wa kujiendesha, kumbe mtambo haukuwa umeshika. Kwa muda ndege haikuwa na mtu anayeiendesha. Ikalalia kulia polepole, kidogo kidogo, kwa namna ambayo mwili wa binadamu gizani hauhisi. Vyombo vya kuonyesha ulalo vilikuwapo mbele ya kila mmoja wao. Hakuna aliyevitazama mpaka sauti ya onyo ilipolia, na hapo rubani mkuu akachanganyikiwa. Watu 114 walikufa katika kinamasi cha mikoko kilomita chache kutoka uwanjani, na mabaki hayakupatikana mpaka zaidi ya saa 40 baadaye. Ripoti hiyo haikuishia kwenye vyombo. Ilizungumzia pia tabia za watu wale wawili, mkubwa mwenye mamlaka ya sauti na mdogo mnyamavu.

Nilipoyasikia hayo nilimfikiria yule kijana wa miaka 23. Angesema nini? "Mzee, umekosea"? Mimi, aliyelelewa kutomjibu mkubwa, namwelewa sana. Na ajabu ni kwamba siku ya mizani mimi ndiye niliyekuwa mdogo, na bado nilimshinda mzee kwa sauti, kwa sababu nyuma yangu ilisimama mashine. Kwa hiyo sidhani kwamba ukubwa unaofunga midomo ni wa umri tu. Wakati mwingine kijana aliyeshika chombo ndiye mzee wa baraza.

Katika baraza letu la zamani, ritongo, shauri halikukatwa kwa kusikiliza upande mmoja. Mlalamikaji alisema, mlalamikiwa akasema, na hakuna aliyesema kwamba kumsikiliza wa pili ni kumtukana wa kwanza. Hicho ndicho nilichomjibu mke wangu. Ukihesabu chenji nimetoka nje, umenivizia. Tukihesabu pamoja mezani, na ukijua kwamba mimi nami zangu zinahesabiwa, hakuna aliyeitwa mwizi. Alinyamaza, kisha akasema tutaanza na za kwangu.

Lakini mashahidi wawili nao wana shida yao. Wakitofautiana, unajua kwamba mmoja amekosea, hujui yupi. Ndiyo maana katika mambo makubwa ya ndege huwekwa watatu, wawili wakiafikiana wa tatu anaachwa. Hata hivyo idadi peke yake haiokoi. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France ilianguka baharini ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, watu 228. Ilikuwa na mirija mitatu ya kupimia kasi, yote ya aina moja, na yote ikazibwa na barafu katika wingu lile lile. Mashahidi watatu waliolala nyumba moja na kula sumu moja ni shahidi mmoja. Nikikumbuka sasa, mizani ya mzee ilikuwa shahidi mzuri hasa kwa sababu haikufanana na yangu. Ilikuwa ya vitanga na mawe. Haina springi, haina meno, kutu iliyokamata yangu isingeweza kuikamata kwa namna ile.

Kuna na upande mwingine, ambao wapenda ving'ora husahau. Tarehe 30 Januari 2000 ndege nyingine ya Kenya Airways iliruka usiku kutoka Abidjan, juu ya bahari. Usukani ukaanza kutetemeka, onyo kwamba ndege inakaribia kuanguka. Onyo lilikuwa la uongo. Rubani aliyekuwa akiendesha alishusha pua kama alivyofundishwa, na chini kulikuwa na maji tu na giza. Kati ya watu 179 walipona 10. Kwa hiyo anayeonya naye lazima ahakikiwe. Wakulima wetu walinung'unika kuhusu mizani msimu mzima, lakini wakulima hunung'unika kila msimu, nasi makarani tulikuwa tumezoea. Manung'uniko hayakuwa na sauti tofauti kwa siku yalipokuwa ya kweli.

Kitu gani basi kilibadilishwa katika ndege ile? Dunia nzima iliizuia kuruka mwezi Machi 2019, na Marekani iliiruhusu tena Novemba 2020. Sasa kompyuta inasoma vibawa vyote viwili. Vikitofautiana kwa nyuzi 5 na nusu au zaidi, MCAS haichagui ni kipi cha kuamini. Inajizuia, inawaambia marubani kwamba habari zinapingana, inawaachia kazi. Na hata vinapoafikiana, inasukuma mara moja, haisukumi tena na tena, wala haisukumi kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuizuia kwa mikono yake. Mwaka 2023 shirika letu la Air Tanzania lilipokea ndege ya ukoo huo, na mwanangu anasema ataipanda bila wasiwasi. Mimi, nikipata nauli, nitaipanda pia, ingawa nitaomba dua ndefu kidogo.

Nimelitafakari sana hilo la kutochagua. Kwa miaka mingi nilijitetea moyoni kwamba sikuwa na njia ya kujua mizani ipi ni ya kweli. Ni kweli sikuwa nayo. Lakini hakuna aliyenidai nijue. Nilitakiwa kuandika namba zote mbili, 83 na 92, nikaweka magunia kando, nikasema mbele ya foleni: hizi hazipatani, tungoje. Maneno matatu. Hayo nisingehitaji elimu yoyote kuyasema, isipokuwa ningeonekana karani asiyejua kazi yake, na hilo kwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni lilikuwa gumu kuliko kumwaibisha baba.

Hata wachunguzi wenyewe hawakuafikiana kabisa. Waethiopia, katika ripoti yao ya mwisho ya Desemba 2022, walisema kibawa kile kiliharibika kwa hitilafu ya umeme. Wamarekani wakasema inaelekea kiligongwa na kitu, pengine ndege wa angani. Kila upande una lake la kulinda, mtu hawezi kuacha kuliona hilo. Ripoti na majibu yake vyote vimechapishwa, na anayetaka anaweza kuvisoma pamoja.

Mwezi Agosti mwaka ule wa 2019 nilipanda basi kwenda Mugumu. Sikuwa nimemwona yule mwenye duka tangu msiba wa baba yake. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, anauza misumari, rangi na vifaa vya mabomba. Tulisalimiana kwa mrefu, akaniuliza habari za Turwa, nani amekufa, nani ameoza binti. Kisha nikamweleza yote: jiwe la kilo 20, mshale kwenye 18, leja mpya, ukimya wangu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona kwamba nastahili kuketi.

Hakusema kitu kwa muda. Akaingia nyuma, nikasikia anasogeza makopo. Akarudi na ile mizani ya mawe, vumbi limeifunika, minyororo ya vitanga imeingia kutu. Alikuwa ameihifadhi miaka 32, na alikuwa amehama nayo. Akaipangusa kwa kitambaa, akaitundika mlangoni, akaweka jiwe la kilo 2 kitanga kimoja na pakiti mbili za misumari za kilo moja moja kitanga cha pili. Tukasimama kuitazama ikitulia. Mvulana wake wa dukani akaja naye akatazama, bila kujua tunatazama nini.

"Mawe haya ni ya zamani," akasema. "Chukua misumari mingine kwenye boksi jipya, tujaribu tena."

Nikaenda kuichukua.